Pumzi ya Mimea Ndani ya Kioo

Mkonge wa Mnyuzi, Korogwe, hufungua vitundu vya majani yake usiku, jua limeshazama, ukavuta hewa ya ukaa na kuiweka akiba kama asidi hadi mwanga urudi. Ndivyo mmea huu, uliofika pwani yetu mwaka 1893 kwa miche 62 tu iliyosalimika katika safari iliyopangwa na Mjerumani Richard Hindorf, unavyostahimili kiangazi cha huko bila kupoteza maji mengi. Mmea uliozama majini una dhiki nyingine kabisa: maji unayo tele, hewa ndiyo adimu. Ndani ya maji, hewa ya ukaa husambaa polepole yapata mara 10,000 kuliko angani, na maji yaliyotulia hubaki na zaidi kidogo ya nusu miligramu kwa lita. Mto Pangani una mkondo unaoleta maji mapya kila dakika pamoja na hewa itokayo kwenye majani yanayooza. Tangi la kioo la samaki na mimea halina mkondo huo. Ukiliwekea taa kali na usiliongezee hewa hiyo, mimea hudumaa na mwani huitwaa nafasi.

Kuiongeza hewa ya ukaa ni kazi ya mikono yenye akili, nami naihesabu miongoni mwa ufundi wa kweli. Njia ya kwanza mgema angeielewa bila kufundishwa: sukari, hamira na maji vuguvugu katika chupa, kisha mpira mwembamba upeleke mapovu tangini, kwa uchachu uleule unaotoa povu kwenye tembo. Ila chupa hutoa kwa nguvu siku za mwanzo, ikafifia, wala haina kilango cha kufunga. Njia ya pili, mtungi wa gesi wenye vali, hutoa kiasi kilekile kila siku. Fundi hulenga miligramu 20 hadi 30 kwa lita, akiangalia kipimo cha rangi: bluu ni pungufu, kijani kinatosha, njano ni hatari. Akizidisha, samaki hupanda juu kutweta. Kuwatosheleza wawili, mmea na samaki, wenye haja zinazopingana katika maji mamoja, hapo ndipo ufundi ulipo.

Wapo wanaosema huku ni kuchafua anga kwa anasa. Hoja ina uzito, lakini hewa ya chupani ilitoka kwenye miwa, na miwa iliitoa angani, inarudi ilikotoka. Hata ya mtungini si lazima izalishwe: huko Rungwe, kampuni ya TOL Gases huivuna ikitoka ardhini yenyewe. Wengine husema mimea mingi huishi bila nyongeza. Ni kweli kwa ile inayokua polepole kama Anubias, na mwenye hiyo asinunue mtungi. Mimea myekundu na mazulia ya majani madogo kwa kawaida huihitaji nyongeza hiyo. Na wewe utakayejaribu, funga vali taa inapozimwa: mimea hii si mkonge, usiku haivuti hewa ya ukaa bali hupumua oksijeni ileile ya samaki.