Mama wa Ngoma na Kinasa Sauti

Kiswahili kina neno barabara. Ukikaza silabi ya tatu, ni njia ya magari. Ukikaza ya pili, ni sawasawa, ndivyo hasa. Sisi tunayo maneno machache ya namna hiyo, lakini Kiyoruba kimejengwa juu yake. Ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha kusafiria, ọ̀kọ̀ ni mkuki. Herufi ni zilezile. Kinachobadilika ni sauti kupanda na kushuka kati ya ngazi tatu. Ndiyo maana kusini-magharibi mwa Nigeria, kwao Wayoruba, watu husema ngoma inazungumza, na wasemapo hivyo hawatii chumvi.

Ngoma yenyewe ni ìyáàlù, mama wa ngoma, anayeongoza kundi la ngoma za dùndún. Itazame kwa karibu. Mzinga wake umechongwa kwa gogo moja, ukabanwa kiunoni kama vinu viwili vilivyounganishwa vitako. Midomo yote miwili imewambwa ngozi nyembamba ya mbuzi, na kutoka ngozi hii hadi ile zimepita kamba za ngozi, nyingi, zimelala sambamba kuuzunguka mwili mzima. Ukingoni zimefungwa njuga za shaba ziitwazo ṣaworo. Mpigaji huitundika begani, mkono mmoja ukashika mkwaju uliopinda, mwingine ukazikumbatia kamba. Akizibana, ngozi hukaza na sauti hupanda. Akilegeza, hushuka. Akizibana taratibu wakati pigo bado linalia, sauti huteleza vilevile inavyoteleza kinywani mwa Myoruba. Vidole vinafanya kazi ya koo.

Kazi hii hurithiwa. Koo za wapigaji hulibeba jina la Àyàn, mungu wa ngoma, na watoto wao huitwa Ayanwale, Ayantunde, Ayandele. Mtoto huanzia ngoma ndogo za kusindikiza, na miaka hupita kabla hajaaminiwa na mama. Si kwa sababu mikono yake ni mizito. Mama anadai kichwa kilichojaa oríkì, tungo za sifa za koo, za miji, za wafalme. Mgeni anaingia arusini, mpigaji anamtambua, anampigia sifa za babu yake aliyekufa zamani, na mgeni anasimama kumtunza, noti anambandika kwenye paji la uso. Sijui kipaji kingine kinachodai kumbukumbu kubwa kiasi hicho kwa wakati mfupi kiasi hicho.

Hapa ndipo penye fumbo. Ngoma haina konsonanti wala irabu. Inachobeba ni toni na mwendo wa maneno tu, na sentensi nyingi zaweza kuwa na toni zilezile. Mjini Ibadan husimuliwa kwamba redio ilipoanza kujitambulisha kwa mlio wa ngoma, wasikilizaji waliujaza maneno yao wenyewe, na wengine waliusikia ukiuliza juu ya mfalme wa mji: Olubadan akifa, nani atakalia kiti? Mlio ulikuwa mmoja, na kila nyumba ilisikia lake. Anayejua ngoma imesema nini kwa hakika ni yule aliyeipiga, na wale waliokulia ndani ya tungo hizo.

Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema teknolojia imeuokoa muziki wa Kiyoruba kwa kuwa sasa uko mtandaoni, huuliza umeokolewa upande gani. Sauti ilianza kuhifadhiwa mapema. Miaka ya 1920 mchungaji Josiah Ransome-Kuti, babu yake mwanamuziki Fela Kuti, aliimba nyimbo za ibada kwa Kiyoruba zikatiwa kwenye santuri za kampuni ya Zonophone. Baadaye zikaja santuri za muziki wa apala za akina Haruna Ishola, kisha kanda. Mwaka 1999 Tunde Kelani alitoa filamu ya Saworoide, ambamo ngoma ndiyo inayoshikilia agano kati ya mfalme na watu wake, na macho mengi yasiyowahi kuona ngoma ikiheshimiwa yakapata mahali pa kuiona. Naiheshimu kazi hiyo yote. Lakini santuri haijui ngoma ilisema nini.

Mimi mwenyewe nimewahi kutumiwa rekodi kwenye simu: dakika nne za ìyáàlù, safi, bila mkwaruzo, na mpigaji ni fundi wa kweli. Jina la faili lilikuwa tarakimu tupu. Niliisikiliza tena na tena. Kuna mahali mama anasita, anarudia kifungu kilekile mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ya chini kama mtu anayemwinamia mzee sikioni. Alikuwa anamwita nani? Aliyenitumia hakujua, naye alitumiwa na mwingine. Sauti ninayo mpaka leo, usemi umepotea.

Wapo wanaofanya vizuri zaidi. Akin Euba alikaa na wapigaji, akayaandika mapigo pamoja na maneno yake, na kitabu chake juu ya dùndún kilichotoka 1990 bado ni shule. Mtafiti Cecilia Durojaye na wenzake walichapisha mwaka 2021 matokeo ya kazi ninayoipenda kwa usahili wake: maneno yaleyale yanasemwa kwa kinywa, kisha yanapigwa kwa ngoma, na kompyuta inalinganisha sauti hizo mbili. Kupanda kwa hii ni kupanda kwa ile. Kilichoshikwa na vidole vya akina Àyàn kwa vizazi kinaonekana sasa hata kwa macho ya asiyejua Kiyoruba, na maneno yamebaki palepale pembeni mwa mlio wake.

Ufundi wa kurekodi nao una adabu zake. Simu nyingi zimetengenezwa kwa maongezi: huinua sauti ndogo, huikandamiza kubwa, na kisichofanana na sauti ya mtu hukihesabu kuwa kelele. Kule kusita na kunong'ona kwa mama hufutika hapohapo. Kundi likirekodiwa kwa kipaza sauti kimoja, gúdúgúdú, kale kagoma kadogo kasikochoka, humfunika mama. Kila ngoma ikipewa chake, mwanafunzi aweza kuzizima nyingine akabaki na ìyáàlù peke yake, afuate mkono. Na alama za toni ziandikwe. Faili lililoandikwa oko tupu halimwambii mtu kama ndani kuna mume, jembe au mkuki, na kompyuta itakayolitafuta kesho itakosea vilevile.

Wahenga walisema ngozi ivutwe ingali maji. Wazee wanaozijua oríkì ndefu wangalipo Oyo, wapo Osogbo na vijiji vyake, na simu ziko mifukoni mwa wajukuu wao. Wewe utakayejaaliwa kuketi mbele ya mmoja wao, zima kwanza vichujio vya kelele. Mwache apige mpaka aridhike. Kisha mwombe ayaseme kwa kinywa, polepole, yale aliyoyapiga, na aeleze yalikuwa ya nani. Usizime kinasa sauti mpaka ametaja jina lake, na la baba yake, na la aliyemfundisha.