Msamiati wa Jiji: Kasoro za Orodha za Tafsiri

Mwanafunzi wa Kiingereza afikapo daraja la kati, aghalabu hupewa orodha ya maneno yahusuyo maisha ya mjini: 'suburb', 'slum', 'commuter', 'cost of living', 'standard of living'. Kando ya kila neno huandikwa neno moja la Kiswahili, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Desturi hii imewafaa watahini, kwani orodha husahihishika upesi. Lugha haikufaidika. Maneno hayo yalizaliwa katika miji maalumu, chini ya uchumi maalumu. Yahamishwapo bila nasaba yake, huishia kuieleza Nairobi kana kwamba ni London iliyochakaa.

Mfano ulio wazi ni 'suburb' na 'slum'. La kwanza, kwa asili yake ya Kilatini, ni mahali palipo chini au kando ya mji. Katika London ya kale makazi ya nje ya kuta yalikuwa na sifa mbaya. Reli za karne ya 19 ndizo zilizoyafanya kuwa kimbilio la wenye mishahara. La pili lilikuwa msimu wa wahuni: James Hardy Vaux, katika kamusi yake ya mwaka 1812, alilieleza kuwa ni chumba tu. Maneno haya mawili, yenye historia zinazopishana, yamefungwa katika neno moja la Kiswahili, yaani kitongoji. Wafasiri wengine huliandika kwa maana ya makazi ya pembeni yenye bustani. Magazeti ya Kenya huliongezea kivumishi na kupata 'kitongoji duni'. Hali nchini Tanzania, chini ya sheria za serikali za mitaa, kitongoji ni sehemu ya kijiji yenye mwenyekiti wake, na mjini cheo hicho hushikwa na mtaa. Msomaji wa Dodoma anaposoma habari za 'kitongoji duni cha Kibera' ana haki ya kutazamia mashamba na mbuzi.

'Mtaa wa mabanda' ni afadhali, kwa sababu hutaja kinachoonekana. Hata hivyo banda, kwa Mswahili, ni la ng'ombe, la kuku, au la kuhifadhia vitu. Mkazi wa mahali hapo haambii mtu kwamba anakwenda bandani. Anakwenda nyumbani, na akiulizwa wapi, hutaja Laini Saba, Makina au Lindi.

Ama 'commuter', orodha nyingi hulifasiri kuwa 'msafiri wa kila siku', tafsiri ambayo haina kosa wala uhai. Neno hilo lilitokea Marekani katika karne ya 19, wakati kampuni za reli zilipowauzia wasafiri wa kila siku tikiti ya muda kwa bei iliyopunguzwa. Nauli nyingi ziligeuzwa kuwa malipo moja. Kwa hiyo ni neno la mtu awezaye kulipa kabla. Kiswahili cha Nairobi nacho kililipa gari jina kutokana na nauli: matatu, yaani mapeni matatu, senti thelathini za safari moja. Lugha mbili ziliutazama usafiri wa mjini kwa njia ya mfuko wa abiria, lakini mfuko wa kwanza ulikuwa na fedha za mwezi na wa pili una za leo. Ajabu ni kwamba mwalimu aliyekuja darasani kwa matatu hupita juu ya jambo hili bila kulitaja.

Kuhusu msongamano na uchafuzi wa hewa hakuna ugomvi. Maneno hayo yamekaa vizuri.

Penye utata ni 'standard of living' na 'quality of life'. Kiingereza hutenga mali aliyo nayo mtu na uzuri wa maisha anayoishi. 'Kiwango cha maisha' na 'ubora wa maisha' ni nakala aminifu za utengano huo, ila huteleza juu ya maneno yenye uzito zaidi: riziki, nafuu, dhiki, kujikimu. Wapo watakaojibu kwamba pwani ina hazina ya kutosha, na kwamba 'utamaduni' wenyewe unatokana na neno la Kiarabu la mji. Ni kweli, lakini mji huo wa waungwana uliwahesabu watumwa na watu wa shamba kuwa nje ya ustaarabu wake. Hazina hiyo nayo yahitaji kuhakikiwa.

Madhara ya uzembe huu hayaishii katika mtihani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, na Kifungu cha 7 hukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Papo hapo wataalamu wametuzoeza 'makazi yasiyo rasmi', tafsiri ya neno kwa neno ya istilahi ya wapangaji miji. Rasmi, kwa asili yake ya Kiarabu, inahusiana na kuchora. Asiye rasmi basi ni asiyechorwa ramanini. Istilahi hiyo hutaja upungufu wa kibali, si wa maji wala vyoo, na kwa hiyo tingatinga huonekana kama linarekebisha mchoro. Muoroto, Nairobi, ulibomolewa mwaka 1990. Waliofukuzwa walikuwa na nyumba, majirani na biashara, na hakuna lolote kati ya hayo lionekanalo katika 'yasiyo rasmi'.

Wakazi wenyewe wana neno 'ploti': vyumba vya kupanga vilivyozunguka ua mmoja, bomba moja, choo cha shirika, na kodi ya kila mwezi. Limetoka Kiingereza, na huko lina maana ya kipande cha ardhi tu. Mwanafunzi akiliandika kwa maana yake ya Nairobi, orodha humkata alama.