Dakika Mbili za Kwa Mkapa

Kombe la Shirikisho la Afrika la 2023 halikupotea Algiers. Lilipotea Kwa Mkapa, Dar es Salaam, Jumapili ya Mei 28, kati ya dakika ya 82 na ya 84, na watu wa Yanga hapa Tukuyu wanaujua msimamo wangu huu tangu filimbi ya mwisho ya siku ile. Kila fainali hiyo inapozungumzwa redioni, wachambuzi hupanda ndege kwenda Algeria: lau tungepata goli moja zaidi kule, lau mwamuzi, lau fataki za mashabiki wao. Mimi nabaki Kwa Mkapa, Temeke. Kule Algeria Yanga walishinda. Aliyeshinda ugenini utamlaumu kwa lipi?

Mechi mliitazama, sitaisimulia. Aymen Mahious dakika ya 32, Fiston Mayele dakika ya 82, Islam Merili dakika ya 84, USM Alger wakaondoka na 2-1 mfukoni. Mayele alimaliza mashindano akiwa mfungaji bora na sifa zake alizipata. Turudi kwenye zile dakika mbili.

Goli likiingia, mpira unawekwa kati, na anayeuanzisha ni aliyefungwa. Mtoto wa darasa la tatu pale Katumba analijua hilo, lakini timu zetu kubwa hulisahau kila zinaposawazisha. Mpira unaofuata si wako, ni wa mgeni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujipanga kabla mwamuzi hajapuliza. Mabeki wa pembeni washuke wawe mstari mmoja na mabeki wa kati. Namba sita asimame mbele yao, asitoke hapo hata akiitwa na baba yake mzazi jukwaani. Mawinga warudi wote wawili, Mayele abaki juu peke yake. Mwache mgeni apige pasi zake za pembeni, joto la uwanja lipungue. Ukiupata mpira, huukimbizi golini. Unaupeleka kwenye kibendera cha kona, unatafuta kurusha, unatafuta faulo, unainama kufunga kamba ya kiatu. Benchi nalo halikai kushangilia: mchezaji wa kuingia awe tayari amevua jezi ya mazoezi, kasimama kando ya mwamuzi wa akiba. Mabadiliko ya mchezaji mmoja yanakula karibu nusu dakika, na siku ile nusu dakika ilikuwa na thamani kuliko krosi tano.

Yanga walichagua kinyume. Uwanja wa watu 60,000 ulikuwa unanguruma na timu ikaufuata uwanja. Iliendelea kucheza kama timu inayodaiwa, wakati deni lilikuwa limeshalipwa. Wametafuta goli la kusawazisha kwa dakika 50, wamelipata, halafu wakashindwa kutulia kwa dakika tano. Siwezi kukubali kwamba Merili alibahatika. Anayekufunga dakika mbili baada ya wewe kumfunga amepita kwenye nafasi aliyoiona imeachwa, na nafasi ile siwezi kumtwisha beki mmoja, ndiyo maana sitaji jina la beki yeyote. Iliachwa na uamuzi wa kuendelea kupanda, na uamuzi wa aina hiyo ni wa benchi.

Kuna kijana mmoja tunayebishana naye kwenye kibanda umiza karibu na stendi, mwenye ulimi na kadi ya uanachama ya Yanga. Hoja yake ndiyo hoja ya nchi nzima.

“Tata, droo ya nyumbani kwenye fainali ni sawa na kufungwa. Ilibidi tutafute la pili.”

“Mwanangu, kwa hesabu ipi?”

“Ya goli la ugenini. Wao tayari walikuwa nalo moja.”

Haya, tuifanye hiyo hesabu, maana kijana aliishia nusu. Mchezo ukiisha 1-1 Dar es Salaam, ni kweli USM Alger wanabeba kombe kwa suluhu ya bila kufungana kwao. Lakini Yanga wanahitaji goli moja tu Algiers bila kuruhusu, au droo ya 2-2. Droo ya 1-1 inapeleka mambo kwenye penalti. Milango mitatu. Mchezo ukiisha 1-2, ushindi wa 1-0 Algiers haukusaidii. Unatakiwa ushinde 2-0 au 3-2, na 2-1 inakupeleka kwenye matuta tu. Kwa hiyo lile goli la dakika ya 84 lilibadilisha kazi nzima ya marudiano, kutoka kutafuta goli moja hadi kutafuta mawili, dhidi ya timu ya Abdelhak Benchikha inayojua kufunga mlango.

Juni 3 ikafika. Djuma Shabani, penalti, dakika ya saba. Djigui Diarra akaokoa penalti ya wenyeji kipindi cha pili. Yanga wakashinda 1-0 ugenini, kazi safi, na medali walizovaa zilikuwa za fedha. Mchukue 1-1 ya Dar es Salaam muiweke pembeni ya 1-0 ile, mwone kombe lingekuwa wapi leo.

Najua mtasema ni rahisi kusema baada ya matokeo. Basi tutoke Afrika. Mwaka 1967 bingwa wa Ulaya, Celtic ya Glasgow, alikutana na bingwa wa Amerika Kusini, Racing ya Avellaneda, kwenye Kombe la Mabara. Glasgow, Celtic wakashinda 1-0 kwa kichwa cha Billy McNeill. Argentina, Racing wakashinda 2-1, na goli la Celtic likafungwa na Tommy Gemmell kwa penalti ya kipindi cha kwanza. Angalieni namba hizo: moja bila nyumbani, moja kwa mbili ugenini, jumla 2-2. Ni namba zilezile za Yanga na USM Alger zikiwa zimegeuzwa upande, mpaka penalti ya beki ipo. Kwa sheria ya goli la ugenini, Celtic wangekuwa mabingwa wa dunia bila kupanda ndege tena. Sheria hiyo haikutumika kwenye kombe lile, zilihesabiwa pointi, wakapelekwa Montevideo mechi ya tatu. Celtic wakapata kadi nyekundu nne, Racing mbili, na shuti la mbali la Juan Carlos Cárdenas likamaliza kesi.

Nimeileta habari hiyo kwa sababu wapo wanaolia kwamba sheria ya goli la ugenini ilituonea, eti Ulaya wameifuta tangu 2021 na CAF wamebaki nayo. Inawezekana ni sheria ya kizamani. Lakini Yanga walikuwa wanaijua kabla ya mechi ya kwanza, na anayeijua sheria anacheza kwa kuitazama. Goli la pili la mgeni nyumbani kwako, dakika sita kabla ya tisini, ndilo goli baya kuliko yote chini ya sheria ile. Ulitakiwa ulizuie kwa meno.

Namna ya kuzuia nayo ipo, imeonyeshwa mara nyingi, na mwalimu ninayemtaja kila mwaka mpaka wahariri wananikatisha ni Boca Juniors ya Carlos Bianchi. Tokyo, Novemba 28, 2000, dhidi ya Real Madrid. Martín Palermo alifunga dakika ya tatu na ya sita. Roberto Carlos akarudisha moja dakika ya 12. Bado dakika 78, mbele yao Figo, Raúl na Guti. Boca walifanya nini? Walimpa mpira Juan Román Riquelme. Akaukalia. Makélélé akija anampa mgongo, anazunguka, anangoja faulo, anapiga pasi ya mita nne na kuiomba tena. Real Madrid walikuwa na timu ghali kuliko zote duniani na jioni ile walikimbia nyuma ya mtu mmoja asiyekimbia. 2-1 ikabaki 2-1. Watu hukumbuka magoli ya Palermo. Mimi ningewaonyesha vijana wetu zile dakika 78.

Wala hatuhitaji kwenda Tokyo. Tukuyu Stars, Banyambala wetu, walipanda Ligi Kuu na msimu huohuo wa 1986 wakabeba ubingwa wa Tanzania, mbele ya Simba na Yanga na fedha zao. Wapo wanaodhani ilikuwa nguvu za mlimani na baridi ya Rungwe. Nendeni mkatazame viwanja vya huku kwetu. Vingi vimelala kwenye mteremko, kipindi kimoja unacheza ukishuka, kingine unacheza ukipanda. Kijana aliyekulia hapo anajifunza mapema kwamba kuna nusu ya mchezo ya kufunga na kuna nusu ya kuushika mpira kwa sababu ukiupiga mbele unakurudia wenyewe. Sekilojo Chambua alipotoka Tukuyu Stars kwenda Yanga, Jangwani, ndicho alichokwenda nacho: kiungo anayejua lini timu ipumue. Mpeni Chambua wa enzi zake mpira dakika ya 83, goli moja kwa moja, fainali ya Afrika. Mpira ule usingevuka nusu ya uwanja kurudi kwenu. Na kabla hamjaniambia kwamba mpira wa sasa una kasi, Riquelme naye alikuwa anaambiwa hivyohivyo.

Timu za Dar es Salaam zilitumaliza kwa kuvuna vipaji hivyo mmoja mmoja, Banyambala wakashuka, na Rungwe haijaliona tena kombe la ligi. Hilo nimeshaliandika mara nyingi, nalipita.

Nisilolipita ni hili la fedha. Mwaka ule serikali ilikuwa inanunua magoli, Goli la Mama, zilianza shilingi milioni tano kwa kila goli kwenye mashindano ya Afrika. Ilikuwa nia njema, wachezaji walistahili, na safari ya Algiers nayo ilipewa ndege. Lakini hakuna aliyetangaza dau la kutofungwa. Kipa na mabeki wakikaa dakika 90 bila kuruhusu goli, bei yake ni makofi. Mnashangaa timu nzima ikitaka kupanda? Simba walipita njia hiyo kwenye fainali yao ya Afrika ya 1993. Waliwabana Stella ya Abidjan kwao 0-0, wakarudi Dar es Salaam na nchi nzima inazungumza habari za magari ya KIA waliyoahidiwa, Boli Zozo akafunga mawili na kombe likaondoka. Miaka thelathini baadaye tukaahidi tena kabla ya kujipanga.

Nasreddine Nabi, kocha wa Yanga siku ile, simchukii. Aliiongoza Yanga juu ya kundi lenye TP Mazembe na US Monastir, na nusu fainali akamfunga Marumo Gallants Dar es Salaam na kwao Afrika Kusini. Kazi kubwa. Mtu wa kazi kubwa kama hiyo hakosi kujua namna ya kuua dakika tano, ndiyo maana nampa lawama yote: mwenye uwezo mdogo ningemsamehe. Benchikha, aliyekuwa benchi la pili, alibeba kombe, kisha Super Cup mbele ya Al Ahly, na kabla mwaka haujaisha Simba wakamwajiri. Wakamlipa mtu aliyetuonyesha kosa letu, halafu baada ya miezi michache akaondoka.

Mwaka 2025 zamu ya fainali hiyo ya Shirikisho ikawa ya Simba wenyewe. Berkane, Mei 17, wamefungwa dakika ya nane, na kabla ya kujikusanya wamefungwa tena dakika ya 14. Ugonjwa uleule, safari hii wakiwa wamefungwa badala ya kufunga. Marudiano Zanzibar wakapata goli mapema, wakamaliza 1-1, Berkane wakabeba. Fainali tatu za Afrika, 1993, 2023 na 2025, na kabati za Kariakoo hazina kombe hata moja kati ya hayo matatu.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwa waandishi wenzangu wanaoingia kwenye mikutano ya makocha kabla ya mechi za Afrika. Acheni kuuliza nani ataanza mbele. Muulizeni kocha, iwe wa Jangwani au wa Msimbazi: goli likiingia, liwe letu au lao, nani anakaa na mpira dakika tano zinazofuata? Akitaja jina, liandikeni. Asipotaja, liandikeni hilo pia, na liandikwe kabla ya mechi.