Vigae Kifudifudi

Mswahili akimsikia fundi wa Isfahan, Iran, akitaja haft rang, nusu ya neno anayo tayari. Ni rangi saba. Fundi huchora ua juu ya kigae cha mraba, hutenga rangi kwa mstari mweusi wenye mafuta ili zisichuruzikiane, kisha zote huingia tanurini pamoja. Kazi nzuri, tena ya haraka. Ndiyo iliyofunika sehemu kubwa ya ndani ya Msikiti wa Shah, ulioanza kujengwa mwaka 1611 kusini mwa uwanja wa Naqsh-e Jahan. Shah Abbas wa Kwanza, mfalme aliyeuamuru, yasemekana hakutaka kungoja. Na hata hivyo alifariki 1629 kazi haijakwisha.

Lakini usikimbilie ndani. Lango lenyewe, lenye maandishi ya mwaka 1616, ni kazi nyingine: moarraq.

Hii haichorwi, hukatwa. Katika haft rang rangi saba hugawana moto mmoja, na ipo inayopunjika. Katika moarraq kila rangi ina moto wake: buluu wake, feruzi wake, manjano wake. Mchoro wa karatasi wenye ukubwa wa kazi yenyewe hukatwa vipande, kila kipande na namba yake, kikabandikwa juu ya kigae cha rangi yake. Fundi huketi na kinyundo chenye ncha akakidonoa kigae kidogo kidogo, hadi litoke jani dogo kama ukucha. Pigo la mwisho likipotoka, anachukua kigae kingine. Kisha ni zamu ya tupa: kingo huchongwa zikiinamia nyuma, ili mbele vipande vigusane bila upenyo na nyuma ibaki nafasi ya jasi. (Kwetu kigae ni gae la chungu pia, hapa maana zote mbili zimekutana.)

Halafu vipande hupangwa kifudifudi, na hapo ndipo ninapompa fundi shikamoo yangu. Rangi zote zinatazama chini. Anachokiona ni migongo ya udongo, hudhurungi kwa hudhurungi, na hata maandishi ya langoni ya mwandishi wa hati Ali Reza Abbasi, meupe juu ya buluu, mpangaji huyafuata kinyumenyume. Jasi humiminwa, hukauka. Ndipo kipande kizima kinapogeuzwa.

Mashariki mwa uwanja huohuo uko Msikiti wa Sheikh Lotfollah, uliojengwa kati ya 1603 na 1619, usio na mnara wala ua. Ukumbi wake wa kuingilia ni wa giza, nao hupinda kukuelekeza kibla. Ghafla uko chini ya kuba. Maumbo kama ndimu hupungua kuelekea kileleni, na kati yao fundi ameacha tofali tupu, halina mng'ao. Mimi nausifu zaidi utupu huo. Mwanga huingia kwa madirisha ya kimiani, na jua likisogea vipande huwaka kwa zamu.