Penzi kama Ushahidi: Usomaji wa Casino Royale

Uhakiki wa fasihi pendwa umezoea kuliona penzi katika riwaya ya kijasusi kuwa pambo tu. Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa kurejelea Casino Royale (1953) ya Ian Fleming. James Bond, anayemshinda Le Chiffre kwenye meza ya kamari, anashindwa kumsoma Vesper Lynd, mwanamke anayetaka kumwoa. Dalili zipo: simu iliyopigwa kwa siri, hofu yake kwa mwanamume mwenye kitambaa cheusi jichoni. Bond anaziona, hata anamhoji, lakini anazichukulia kama mgogoro wa wapenzi. Barua anayoiacha Vesper anapojiua ndiyo inayofichua kwamba aliwatumikia Wasovieti ili kuokoa maisha ya mpenzi wake wa awali, Mpolandi waliyemshikilia. Bond anamhukumu papo hapo kuwa msaliti. Msomaji wa barua hiyo hiyo hawezi kuhukumu kwa wepesi huo. Uzito wa riwaya umo katika pengo hilo. Kwa hiyo, utanzu huu, ambao kwetu Elvis Musiba aliukuza kupitia Willy Gamba, unastahili nafasi katika mitaala: unapima uaminifu kwa dola dhidi ya uaminifu kwa mtu.