Sifa na Stahili ya Daftari la Mauti

Kazi ya sanaa yenye kusifiwa sana huwa na mitihani miwili. Mtihani wa kwanza ni wa siku inapotoka, wakati upya wake unapong'aa na kila mtu ana hamu ya kujua mwisho. Mtihani wa pili huja baadaye, mwisho ukiwa umekwisha julikana, hamu ikiwa imetulia, na mtazamaji akirudi kwa hiari yake kutafuta kile alichoambiwa kimo. Kazi nyingi hufaulu katika mtihani wa kwanza. Katika wa pili hufaulu chache, kwa sababu mtu aliyekwisha jua siri hana tena cha kumshughulisha ila ukweli wa watu walioumbwa na uzito wa jambo linalosemwa.

Miongoni mwa kazi zinazostahili kupelekwa katika mtihani huo wa pili ni mfululizo wa filamu za michoro za Kijapani, zile ziitwazo anime, ujulikanao kwa jina la Death Note, yaani Daftari la Mauti. Hadithi yake iliandikwa na Tsugumi Ohba na kuchorwa na Takeshi Obata, ikatoka kwa sura 108 katika gazeti la kila juma, Weekly Shonen Jump, toka mwisho wa mwaka 2003 hata katikati ya mwaka 2006. Studio ya Madhouse, chini ya uongozi wa Tetsuro Araki, ikaigeuza kuwa filamu ya sehemu 37, iliyoonyeshwa katika televisheni ya Japani toka Oktoba 2006 hata Juni 2007. Tangu hapo imeenea duniani, na kwa vijana wengi imekuwa mlango wa kuingilia katika sanaa hiyo. Husifiwa kwa mambo mawili: kuwa ni kilele cha akili katika filamu za aina yake, na kuwa imeuliza swali zito juu ya haki. Sifa hizo mbili ndizo za kupimwa.

Kisa chenyewe si kirefu kusimulia. Light Yagami, mwanafunzi hodari na mtoto wa ofisa mkuu wa polisi, aokota daftari lililoangushwa duniani na Ryuk, mmoja wa shinigami, yaani miungu wa mauti, aliyechoshwa na uvivu wa kwao. Mtu ambaye jina lake limeandikwa ndani ya daftari hilo hufa, mradi mwandikaji awe anaijua sura yake. Na kama sababu ya kifo haikutajwa, mtu huyo hufa kwa kusimama moyo baada ya sekunde 40. Light aanza kuwaua wahalifu anaowaona katika habari, na walimwengu wampa jina la Kira. Mpelelezi asiyejulikana jina wala sura, aitwaye L, aazimia kumkamata. Yanayofuata ni mashindano ya watu wawili, kila mmoja akitafuta jina la mwenziwe.

Haki ya kazi itolewe kwanza, maana ukiona vyaelea, vimeundwa. Sehemu ya pili ina mtego ambao haukuchakaa hata kidogo. Mtu mmoja ajitokeza katika televisheni, ajitangaza kuwa ndiye L, na amtukana Kira. Light aandika jina lake kwa hasira, na mtu yule aanguka akafa mbele ya watazamaji. Hapo sauti ya L wa kweli yasikika: aliyekufa alikuwa mfungwa aliyepangiwa kunyongwa siku ile ile, na matangazo yaliyosemwa kuwa ni ya dunia nzima yalionekana katika jimbo la Kanto peke yake. Kwa tendo moja L amethibitisha kuwa Kira yupo, kuwa yuko Kanto, na kuwa aweza kuua bila kumgusa mtu. Ujuzi wa kupanga hadithi ni huo.

Bora zaidi ni kisa cha Naomi Misora katika sehemu ya saba. Mwanamke huyu alikuwa mpelelezi wa Marekani, na mchumba wake ameuawa na Kira. Katika huzuni yake agundua jambo ambalo polisi wote hawajalithibitisha: kuwa Kira aweza kuua kwa njia nyingine zaidi ya kusimamisha moyo. Aenda kulieleza, na kwa bahati mbaya anayemkuta njiani ni Light. Hao wawili watembea pamoja katika baridi, mmoja akitafuta mtu wa kumwamini, mwingine akitafuta jina. Mtazamaji anayeujua mwisho aumia kuliko anayesubiri kuujua, kwa kuwa kila neno la adabu analolisikia amekwisha jua linakokwenda. Kisa hiki chafaulu mtihani wa pili, tena kwa daraja ya juu kuliko wa kwanza.

Walakini kisa hicho kimoja hakitoshi kuibeba sifa yote. Kauli iliyozoeleka miongoni mwa wapenzi wa filamu hii ni kuwa ilikuwa njema hata sehemu ya 25, L alipokufa, ikaharibika walipoingia warithi wake, Near na Mello. Waswahili wangesema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini atazamaye tena kwa makini ataona kuwa methali hiyo haifai hapa, kwa maana tembo lilikuwa na maji tangu mtungi wa kwanza. Sehemu 12 za mwisho zimeyafunua tu yale ambayo sehemu 25 za kwanza ziliyaficha kwa mwendo wa haraka.

Itazamwe kwanza akili inayosifiwa. Kila mpango wa Light hutegemea sheria za daftari, na sheria hizo huja zinapohitajiwa. Mwenye daftari akiliacha husahau yote, na akiligusa tena hukumbuka. Aweza kununua macho ya shinigami kwa nusu ya maisha yaliyombakia. Aweza hata kuwatilia wengine sheria za uongo ndani ya daftari lenyewe. Mchezaji wa bao mwenye ruhusa ya kuchimba shimo jipya kila akizidiwa hawezi kuitwa bingwa. Mfano mkubwa ni kisa cha kampuni ya Yotsuba. Light ajitoa fahamu zake kwa kuliacha daftari, akitumaini kuwa litampata mtu mwenye tamaa, kuwa yeye mwenyewe, bila kukumbuka lolote, atasaidia kumkamata mtu huyo, na kuwa daftari litaufikia mkono wake kwa wakati unaofaa. Yote hayo yatukia kama yalivyopangwa. Mara ya kwanza mtazamaji hustaajabia hesabu hiyo. Mara ya pili huona kuwa ni bahati iliyovikwa vazi la hesabu.

Tena, wahusika hawa husemezana na nafsi zao bila kupumzika, wakimweleza mtazamaji jinsi walivyo werevu. Light anapokuwa chini ya ulinzi wa kamera, huficha televisheni ndogo ndani ya mfuko wa viazi vya kukaanga, na aandika majina kwa siri huku akila. Muziki huvuma kama wa siku ya kiama. Yaliyokuwa ya kutisha mara ya kwanza, mara ya pili yachekesha, wala hakuna dalili kuwa waliotunga walikusudia kicheko.

Sifa ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ile ya swali la haki. Je, mtu mmoja aweza kuwa hakimu wa wote? Filamu yalitaja swali hili mara nyingi, lakini hailisikilizi. Wahalifu wanaokufa ni majina na sura juu ya kioo. Hakuna sehemu hata moja kati ya zote 37 inayosimama mbele ya mtu aliyesingiziwa, akaandikwa, akafa. Na hilo ndilo lililopaswa kuwa kiini cha jambo lote, kwa kuwa Light hasomi hukumu wala ushahidi: asoma habari.

Japani yenyewe ilikuwa na mafunzo ya kutosha. Mwaka 1983 Sakae Menda aliachiliwa, akiwa mfungwa wa kwanza wa hukumu ya kifo kuonekana hana hatia baada ya kesi yake kusikilizwa upya. Na kabla ya mwaka 1990 wengine watatu walimfuata. Iwao Hakamada, aliyekuwa bondia, alihukumiwa kifo mwaka 1968 kwa mauaji ya watu wanne wa nyumba moja. Alitoka gerezani mwaka 2014, na mahakama ikamtangaza kuwa hana hatia mwezi wa Septemba 2024. Wakati hadithi hii ilipoanza kuchapwa, Hakamada alikuwa bado gerezani akingoja kamba. Majina ya watu hao na picha zao vilikuwa vimekwisha tangazwa, na hivyo viwili ndivyo vyote vitakwavyo na daftari. Kira hangehitaji hata dakika moja, wala kusingekuwa na mtu wa kumwachilia mwaka 1983 au 2014.

Badala ya kuutazama ukweli huo, filamu yampa Kira ushindi wa bure. Yasimuliwa kuwa uhalifu umepungua na vita vimekoma, wala hapatokei mhusika wa kuyachungua madai hayo. Hivyo mtazamaji aulizwa kama matunda mema yahalalisha njia mbaya, ilhali matunda yenyewe amekwisha pewa mkononi. Upande wa pili wa mizani nao hauna kitu, maana L ni mtu wa kumtumia mfungwa kuwa chambo, na akiri mwenyewe kuwa ana tabia ya kitoto na hapendi kushindwa. Vita vya haki na dhuluma vyageuka vita vya kiburi na kiburi. Near afikapo mwisho na kumwambia Light kuwa yeye ni muuaji tu, maneno ni ya kweli, lakini yamechelewa sehemu 36.

Wanawake nao wamedhulumiwa na kalamu. Misa Amane, ambaye wazazi wake waliuawa, angeweza kuwa sauti ya wafiwa, wale ambao haki ya serikali haikuwafuta machozi. Afanywa mtumwa wa mapenzi, akauza nusu ya maisha yake mara mbili kwa mtu asiyempenda. Kiyomi Takada hutumiwa akateketezwa. Naomi, aliyekuwa na akili ya kuimaliza hadithi nzima, huondolewa kwa kuwa angeimaliza.

Kazi ambayo filamu hii ingeweza kuwa huonekana kwa dakika chache katika kifo cha Soichiro Yagami, baba yake Light. Mtu huyu mwaminifu anunua macho ya shinigami. Kwa macho hayo miaka ya mwenye daftari haionekani. Lakini Light amekwisha jivua umilikaji kwa hila, na baba, akiwa katika kukata roho, aona juu ya kichwa cha mwanawe jina na miaka, akafa na furaha kuwa mtoto wake si Kira. Hapa pana uchungu usiohitaji muziki wala werevu. Lakini karibu nusu ya hadithi yote ilikuwa imesongwa ndani ya sehemu 12, na kifo hicho chapitwa mbio.

Mwisho nao wastahili kupimwa kwa kulinganishwa. Katika kitabu, Light hufa akilia na kuomba mbele ya wale aliowadanganya, na ukurasa wa mwisho waonyesha watu wakimwabudu Kira kwa mishumaa: sumu ingali duniani. Katika filamu, Light atoroka akiwa na majeraha wakati wa jua kutua, akumbuka ujana wake, na afa ngazini huku kivuli cha L kikimsimamia. Picha hizo ni nzuri mno, na uzuri wao ni msamaha. Muuaji azikwa kwa heshima ambayo hakuna hata mmoja wa aliowaua aliyeipata.

Watetezi watasema kuwa hadithi ilitungwa kwa vijana, kwa ajili ya burudani. Kama ni hivyo, na isifiwe kama burudani, na hapo itapata haki yake yote: ni hadithi ya kuvutia, yenye mwanzo imara na kisa kimoja kisichosahaulika. Lakini wanaoipa cheo cha mwalimu wa haki wameitwika mzigo isioweza kuubeba. Atakaye kuirudia aanze na sehemu ya kwanza, afike ya saba, na amsindikize Naomi Misora katika baridi ile. Zaidi ya hapo atakuwa akizifuata sifa za watu.