Mwalimu, Vile Vizibo Umevipeleka Wapi?

Mpaka nusu ya kipindi, marudio yale ya sayansi ya wanafunzi wa mwaka wa saba na wa nane pale Likasi yalikuwa yanakwenda vizuri. Kisha mwalimu akafagia vizibo kwa kiganja, vikaingia kwenye ndoo chini ya meza, na somo zima la unururifu likaingia humo pamoja navyo. Mliokuwepo mliona. Wazazi wengi walipiga makofi.

Unururifu haumo kwenye programu ya watoto wale. Mwalimu aliuongeza mwenyewe kwa sababu Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa uraniamu, ni jirani, kilomita 20 hivi kutoka mjini, na kwa hilo nampa heko. Lakini ukiamua kuleta kitu kisichodaiwa na mtu, kilete kizima.

Tuliangalie tendo lenyewe. Vizibo mia vya soda ndani ya kopo. Tikisa, mwaga mezani. Kilicholala chali ni atomu iliyovunjika, kiondoe. Kilicholala kifudifudi bado ni uraniamu, kirudishe koponi. Mia, hamsini na kitu, ishirini na kitu, kumi na kitu. Ubaoni ukachorwa mchirizi unaoshuka, mzuri wa kutazama. Wapo watakaolalamika kwamba kizibo hakianguki pande zote mbili kwa usawa kama sarafu. Hilo ni dogo: linarefusha au kufupisha nusu-uhai (muda wa nusu ya atomu kuvunjika), umbo la mchirizi linabaki lile lile. Ugomvi wangu mimi ni na ile ndoo.

Mtoto aliyeiona ndoo ameondoka na picha moja kichwani: kila nusu-uhai ukipita vitu vinapungua, na mwishowe meza inabaki tupu. Uraniamu imekwisha, twende nyumbani. Kumbe atomu ya uraniamu 238 ikivunjika haitoweki hata kidogo. Inatema chembe ya alfa na kuwa thoriamu, na thoriamu nayo haitulii. Njiani kuna radiamu, radoni, poloniamu, hadi ifike kwenye risasi 206, metali ile ile ya mafundi bomba wa zamani, na hapo ndipo inapopumzika. Toa 206 kwenye 238, unabaki na 32. Kila alfa inaondoka na nne. Kwa hiyo alfa nane. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza, na ilistahili nafasi ubaoni kuliko mchirizi. Vizibo vilivyolala chali vilipaswa kupakwa rangi na kuachwa pale pale mezani, na baada ya kila mtikiso darasa lihesabu vyote kwa sauti: mia. Tikisa tena: mia.

Kwingineko ningelipuuza kosa hili. Kwa Likasi haliwezi kupuuzwa, maana mwamba wa jirani unalikanusha waziwazi. Robert Sharp wa kampuni ya madini ya Union Minière aliyakuta madini ya Shinkolobwe mwaka 1915. Uchimbaji ulianza 1921, na 1922 kiwanda cha Olen huko Ubelgiji kikaanza kutoa radiamu humo. Sasa mpe mtoto wa ndoo swali hili. Uraniamu ya Shinkolobwe ilijijenga mwambani zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, kabla hata samaki hajaonekana baharini. Nusu-uhai wa radiamu ni miaka 1,600. Wabelgiji waliitoa wapi? Kwa sheria ya ndoo, punje ya mwisho ilikwisha fagiwa zamani kupita kiasi. Jibu ni kwamba radiamu ile inazaliwa upya kila sekunde kutokana na uraniamu inayovunjika, nayo inavunjika kwa kasi ile ile inayozaliwa, ndiyo maana kwenye mwamba ambao haujavurugwa, takriban kila tani tatu za uraniamu zina gramu moja ya radiamu. Swali hilo moja lingefundisha fizikia na elimu ya miamba kwa pamoja, na lilikuwa limelala kilomita 20 kutoka ubaoni.

Tena kuna mapafu ya watu. Mtoto wa radiamu ni radoni, nayo ni gesi, nusu-uhai wake siku 3.8. Vijana walioshuka Shinkolobwe tangu miaka ya 1990 kutafuta kobalti, hadi amri ya rais ya 2004 ilipopiga marufuku uchimbaji, walikuwa wanaivuta gesi hiyo shimoni. Mgodi ulifungwa rasmi 1960 na mashimo yakazibwa kwa saruji, na mpaka leo utamsikia mtu akisema kwamba muda umepita, mawe yatakuwa yamepoa. Yapoe vipi? Nusu-uhai wa uraniamu 238 ni miaka bilioni 4.47. Tangu mwamba ule ujengeke, ni sehemu moja tu kati ya kumi iliyokwisha geuka. Kwa vizibo vya mwalimu, kumi vina rangi na tisini bado havijaguswa. Huo ndio mchoro halisi wa Shinkolobwe, na haukuchorwa.

Wanasayansi wakubwa walijua mapema kwamba atomu hugeuka, haitoweki. Rutherford na Soddy, mwaka 1902 kule Montreal, walithubutu kusema kwamba elementi moja hugeuka kuwa nyingine, wakati wanakemia wengine waliona huo ni uganga. Mawe ya Shinkolobwe yamebeba majina ya ukoo huo wote: bekereliti, kuriti, sklodovskiti, na sodiiti ya Soddy mwenyewe. (Jiwe la Rutherford lilipatikana Afrika pia, ila upande wa Uluguru, Morogoro.) Na mwaka 1923 Theodore Richards wa Harvard, mtu aliyekwisha pata Nobel kwa kupima uzito wa atomu, alichukua risasi iliyotoka kwenye madini ya Kongo akaipima. Risasi ya kawaida ni 207.2. Ile ya Kongo ilikuwa nyepesi zaidi, karibu na 206. Alikuwa ameshika mkononi vile vizibo ambavyo mwalimu wetu amevitia ndooni. Walimu waliotufundisha sisi enzi za kampuni ya madini ya Gécamines hawakuwa na kompyuta wala projekta, lakini hakuna aliyekuruhusu kutupa majivu ya jaribio kabla hayajapanda mizani.

Sehemu nyingine za marudio sina ugomvi nazo. Ya uhai ilikuwa safi: ua la shaba, Haumaniastrum katangense, lililetwa bichi na udongo wake. Ya anga pia. Watoto walidai Julai kuna baridi kwa sababu dunia iko mbali na jua, dai gumu kuling'oa huku kusini kwani mwanzoni mwa Julai iko mbali kweli, na mwalimu akawauliza tu mbona Bruxelles ni joto mwezi huo huo. Kuhusu bomu la Hiroshima na uraniamu ya Shinkolobwe alitumia sentensi mbili, na nashukuru, maana siku hizi huwezi kulitaja jina la Shinkolobwe bila mtu kukurukia na habari za Sengier, bosi wa Union Minière, na zile tani 1,200 za madini alizozihifadhi New York, kana kwamba jiwe lile lilianza kuwa na maana siku lilipopanda meli.

Lakini ndoo ina wazazi wake. Programu ya mwaka wa saba na wa nane imeweka uhai na ardhi kwenye kapu moja, fizikia na teknolojia kwenye jingine. Nimelisema hili hadi nimechosha watu. Mwamba umekwenda kwa mwalimu mmoja, mvunjiko wa atomu umekwenda kwa mwingine, na radiamu haina pa kukaa. Kisha kuna mtindo wa mtihani wa kuchagua jibu. Baada ya nusu-uhai mbili, kimebaki kiasi gani? Robo. Mtoto wa ndoo ataweka alama kwenye robo na atapata, sawa kabisa na yule anayejua zile robo tatu zimekuwa nini. Hilo la pili halipo kwenye karatasi, na anayeitunga nimeshamwandikia zaidi ya mara moja.